Masomo ya video yasiyotazamwa hadi mwisho: jibu kwa mkufunzi wa kilimo wa Kisumu

Swali: Ninafundisha kilimo katika chuo cha ufundi hapa Kisumu. Wanafunzi wangu wengi husomea nyumbani, wengine Seme, wengine Nyakach, wengine hadi Busia, na wote hutumia simu na bando ndogo. Nimepakia kwenye Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni la chuo, rekodi za mihadhara ya dakika 40, kila moja na slaidi kama 60. Wanazifungua lakini hawamalizi, na kwenye jaribio la kudhibiti kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) kwa mbinu ya sukuma-vuta, yaani kupanda desmodium, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mahindi na nyasi ya nepia pembezoni, walianguka vibaya. Nina laptopu moja, simu, na wiki 12. Je, nizikate rekodi ziwe vipande vifupi, au nifanyeje?

Jibu: Usizikate, Mwalimu. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Walichopata kinakugusa mara mbili. Kwanza, muda wa kati ambao mtazamaji alikaa na video haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Hilo ndilo linalonukuliwa kila mahali. La pili hutajwa mara chache: mihadhara ya darasani iliyorekodiwa kisha ikakatwakatwa haikuwashika watazamaji kama video zilizopangwa fupi tangu mwanzo. Sababu inaeleweka. Muhadhara una "kama nilivyosema", una mchoro unaoelezwa slaidi tano baadaye, una swali la mwanafunzi lililobadilisha mkondo wa maelezo. Ukiukata kila dakika 6, kila kipande kinaanzia katikati ya wazo na kuishia kabla wazo halijakamilika.

Rekodi hizo bado zina faida moja. Toa sauti peke yake, iwe mono kwa kilobiti 32 kwa sekunde, na dakika 40 zitakuwa na uzito wa MB 10 hivi. Iweke kama nyongeza kwa anayetaka kurudia. Lakini somo lenyewe lijengwe upya, na kwa wiki 12 usijaribu kuujenga upya mtaala wote. Kipande kimoja cha dakika 5, mara ya kwanza, kitakula siku nzima ya kazi ukihesabu kuandika, kupiga picha, kurekodi na kuhariri. Chagua mada tatu ambazo wanafunzi hukwama zaidi. Sukuma-vuta iwe ya kwanza, kwa kuwa tayari una matokeo ya jaribio ya kulinganisha nayo.

Anza na swali la mwisho

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika swali moja ambalo mwanafunzi akilijibu vizuri utaridhika kwamba ameelewa. Lisiwe "Taja faida tano za sukuma-vuta." Swali kama hilo hujibiwa kwa kukariri, nalo ndilo linalozaa slaidi za orodha. Jaribu hili: *Mkulima wa Seme amepanda desmodium kati ya mistari ya mahindi msimu huu kwa mara ya kwanza. Kiduha bado kimechomoza. Anataka kuing'oa desmodium. Utamshauri nini, na kwa nini?*

Ili alijibu, mwanafunzi anahitaji mambo machache tu. Ajue kwamba mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, kwamba mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na kwamba mbegu hizo hukaa udongoni hai kwa zaidi ya miaka 10. Ajue kwamba mizizi ya desmodium hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha na nyingine zinazozuia mzizi wake mchanga usijishike kwenye mzizi wa mhindi, hivyo mbegu huota kisha hufa njaa. Na ajue kwamba desmodium hukua polepole msimu wa kwanza, inahitaji kupaliliwa kwa uangalifu, na kiduha kitakachochomoza king'olewe kabla ya kutoa maua. Chochote kwenye zile slaidi 60 kisichochangia jibu hili, hata kama ni cha kweli na kinavutia, kiondoke kwenye somo hili. Historia ya utafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita ni nzuri sana, na inaweza kuwa ukurasa wa kusoma kwa hiari. Ikiwekwa mwanzoni mwa video, itakula zile dakika mbili ambazo mwanafunzi bado yuko makini.

Jicho na sikio vigawane kazi

John Sweller, mtafiti wa Australia, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba kumbukumbu tunayofikiria kwayo ni finyu sana: inashika mambo machache kwa wakati mmoja, tena kwa sekunde chache. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alitumia miongo kadhaa kupima maana yake kwa masomo ya picha na sauti. Kwa ufupi, tunapokea mambo kupitia njia mbili, ya macho na ya masikio, na kila moja hujaa upesi.

Sasa tazama slaidi zako kwa jicho hilo. Slaidi 60 kwa dakika 40 ni sekunde 40 kwa kila moja. Kama ina mistari sita ya maandishi nawe unaisoma kwa sauti, mwanafunzi anaisoma kwa kasi yake huku akikusikia kwa kasi yako, na maneno hayohayo yanafika kwa nyakati mbili tofauti. Macho yameshughulika na herufi, kwa hiyo mchoro ulio kando hautazamwi. Dawa ni kuondoa sentensi kwenye skrini. Picha ibaki, sauti ieleze, na maandishi yawe majina tu: neno moja au mawili, yaliyoandikwa juu ya kitu chenyewe. Ukiandika 1, 2, 3 kwenye mchoro na ufunguo ukiwa chini, kwenye simu mwanafunzi atapanda na kushuka mpaka achoke.

Hapa kuna jambo linalohitaji busara, kwa sababu wengi huligeuza kuwa sheria ngumu. Maandishi yanayorudia sauti humsumbua msikilizaji anayeielewa lugha vizuri. Humsaidia anayejifunza kwa lugha yake ya pili au ya tatu, na kwa mwanafunzi kiziwi ndiyo njia yenyewe. Darasa lako lina Dholuo, Kiluhya, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Kwa hiyo manukuu yawepo, lakini yawe faili ya pembeni ya aina ya SRT au VTT ambayo mwanafunzi anaiwasha na kuizima mwenyewe. Usiyachome ndani ya video. Na usiyaachie mashine iyaandike bila kuyakagua, kwani neno kama "desmodium" hutoka limeharibika kabisa. Kama mtihani wenu ni wa Kiingereza, majina ya kitaalamu yabaki jinsi yatakavyoonekana kwenye mtihani, na maelezo yawe kwa lugha ambayo wanafunzi hubishania mada hiyo wakiwa shambani.

Muziki wa chini kwa chini uondoe kabisa. Hata benga tamu inashindana na sauti yako kwenye njia ileile ya sikio, na kwenye spika ndogo ya simu mara nyingi inashinda.

Kipande kimoja, hatua kwa hatua

Sukuma-vuta ningeigawa vipande vinne. Cha kwanza, dakika 2, ni cha majina: mhindi, nondo, funza wa mabua, kiduha (ama kayongo, kama wengi wanavyokiita hapo), desmodium, nepia. Picha moja kwa kila jina, bila maelezo ya nani anamfanya nani nini. Mwanafunzi anayekutana na jina jipya na utendaji mpya kwa wakati mmoja hupoteza vyote viwili. Cha pili ni juu ya ardhi: harufu ya desmodium inamfukuza nondo, nepia pembezoni inamvuta akatage huko, na utomvu unaonata wa nepia unawanasa funza wengi wakiwa wachanga. Cha nne ni kazi ya mikono. Nakaa kwenye cha tatu, cha chini ya ardhi, kwa kuwa ndicho kigumu: mwanafunzi hawezi kukiona shambani hata akienda.

Usikimbilie katuni inayotembea. Picha tuli tatu zilizofuatana mara nyingi hufundisha sawa na katuni, wakati mwingine vizuri zaidi, kwa sababu mwanafunzi mwenyewe anaunganisha kilichotokea kati ya moja na nyingine. Pia zina uzito mdogo. Chora mkato wa udongo: mhindi kushoto, desmodium kulia, mbegu ya kiduha katikati. Chora mara moja, kisha nakili na ubadilishe kinachobadilika tu. Mhindi ukihama hata kidogo kati ya picha ya kwanza na ya pili, jicho litafuata uhamaji huo badala ya mbegu.

Mpango wa sekunde ungekuwa hivi. Sekunde 0 hadi 20, picha halisi ya kiduha chenye maua ya zambarau kwenye shamba la mahindi, nawe unauliza: "Mkulima amepalilia mara mbili. Kwa nini bado kipo?" Sekunde 20 hadi 60, mchoro bila desmodium: mzizi wa mhindi unaamsha mbegu, mbegu inaota, inajishika, inanyonya. Mshale mmoja tu kwa wakati mmoja, utokee katika sekunde ileile unayotaja jambo lenyewe. Mshale ukitangulia sauti kwa sekunde tatu, umekwisha kumpoteza msikilizaji. Dakika 1 hadi 2, desmodium inaingia: mbegu inaamshwa, lakini haipati pa kujishika. Hapo video isimame. Swali litokee: "Mbegu hii sasa itapatwa na nini?" na majibu matatu. Chombo cha H5P ndani ya Moodle hufanya hivyo bila kuandika msimbo wowote. Majibu yasiyo sahihi yatoke kwenye makosa halisi ya wanafunzi wako kwenye lile jaribio. Usiyabuni. Dakika 2 hadi 4, kwa nini kazi hii haikamiliki msimu mmoja, na la kufanya wakati huo.

Andika maneno yote utakayosema. Kwa Kiswahili cha kufundishia, maneno 100 hadi 110 kwa dakika yanatosha, kwa hiyo dakika 4 ni ukurasa mmoja hivi. Sema "wewe" na "shamba lako", kama unavyoongea na mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Mayer alipima hili pia na kuona kwamba lugha ya mazungumzo hufundisha vizuri kuliko lugha ya ripoti.

Kwa picha halisi ya kiduha kilichojishika, chimba mhindi pamoja na udongo wake, usiung'oe. Loweka kwenye beseni la maji mpaka udongo uachie wenyewe. Ukivuta, muungano wa mizizi unakatika na picha haionyeshi kitu. Tandaza kwenye kitambaa cheusi kivulini, asubuhi, weka rula kando, na upige kwa simu iliyotulizwa juu ya kitu. Jua la saa sita linaunguza rangi nyeupe ya mizizi. Kumbuka pia kwamba picha hizi zina msimu: kiduha huchomoza wiki kadhaa baada ya mahindi kuota, kwa hiyo ukikosa mahindi ya mvua ndefu utasubiri vuli. Ukipiga uso wa mkulima au nyumba yake, pata ridhaa yake kwa maandishi na umweleze picha itatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe wazi na mtu awe ameelezwa, na maandishi yatakusaidia kuithibitisha.

Sauti

Mwanafunzi atavumilia picha yenye ukungu. Sauti mbaya hataivumilia, na fedha yoyote uliyo nayo iende huku kwanza. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola inatosha. Hata ile ya waya wa earphone ni bora kuliko ya laptopu, inayookota kelele za feni na kibodi.

Adui wako mkubwa Kisumu ni mabati. Mvua ya alasiri ikianza, hakuna programu itakayokuokoa, kwa hiyo rekodi asubuhi. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinatoa mwangwi. Kaa ukielekea pazia zito au godoro lililosimamishwa ukutani. Maikrofoni iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ya mdomo ili herufi P na B zisiipige kwa pumzi. Kabla ya kuanza, rekodi sekunde 10 za kimya: Audacity, ambayo ni ya bure, hutumia kimya hicho kujifunza kelele ya chumba na kuiondoa. Usipunguze kelele zaidi ya desibeli 12, kwani sauti hugeuka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Vilele vya sauti visipite desibeli -3. Kosa likitokea, nyamaza sekunde mbili, rudia sentensi nzima, endelea. Kurekodi upya kuanzia mwanzo kila unapokosea kunachosha sauti, na uchovu huo unasikika.

Uzito wa faili

Hesabu ni rahisi: kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti. Rekodi yako ya dakika 40, ikiwa ni kilobiti 1,500, ina MB 450. Ndiyo maana hawamalizi, na wala si uvivu. Video ya michoro tuli yenye ukubwa wa pikseli 640 kwa 360, fremu 15 kwa sekunde, inaweza kushuka hadi kilobiti 200 pamoja na sauti: MB 1.5 kwa dakika, MB 6 kwa kipande cha dakika 4. Sehemu zenye mwendo halisi, kama mkono unaopanda desmodium, zinahitaji kilobiti 400 hadi 500, la sivyo mkono unageuka vigae vya rangi.

Tumia HandBrake, programu ya kubana video. Chagua H.264 kwa picha na AAC kwa sauti. Miundo mipya zaidi hubana vizuri, lakini simu za bei nafuu huhangaika kuifungua na betri huisha. Kisha washa kisanduku cha kuiandaa faili kwa ajili ya wavuti. Kisanduku hiki husahaulika, na madhara yake ni makubwa: bila hicho, faharasa ya faili ya MP4 hukaa mwishoni, na simu inaweza kushindwa kuanza kucheza mpaka faili yote ishuke. Mwanafunzi anaona kiduara kinazunguka, anaondoka, na wewe unaandika kwamba alifungua bila kumaliza.

Maandishi kwenye michoro yapimwe kwa simu yenyewe, siyo kwenye laptopu. Shika simu ya inchi 5 au 6 umbali wa mkono ulionyooka, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Usichoweza kusoma, kuza au futa. Epuka kutofautisha vitu kwa nyekundu na kijani pekee, maana kuna wanafunzi wasiozitenganisha.

Kwenye jukwaa lenyewe

Weka kila kipande katika sura tatu: video, sauti peke yake, na ukurasa wa maandishi wenye michoro ileile. Ukurasa huo ni kilobaiti mia kadhaa, na kwa mwenye bando la mwisho wa mwezi ndio somo. Katika mipangilio ya jaribio, ruhusu lifanywe nje ya mtandao kupitia programu ya Moodle ya simu: mwanafunzi hupakua akiwa mjini, hujibu nyumbani, na majibu hupanda akipata mtandao tena. Kama mnasambaza pia kwa WhatsApp, tuma video kama dokyumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa mara ya pili, na majina kwenye mchoro hayasomeki.

Kipande cha nne, kile cha mikono, kiwe hivi: mwanafunzi apime eneo dogo nyumbani, achore mistari ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 75, aonyeshe desmodium itapita wapi na nepia itazunguka vipi, apige picha ya mchoro, aipakie. Kipindi cha moja kwa moja kitumike kujadili michoro hiyo, minne au mitano iliyokosewa kwa namna tofauti, bila majina. Usikitumie kuhadhiri tena.

Miwani ya uhalisia pepe, ikiwa kuna mtu anaishawishi idara, inaweza kusubiri. Guido Makransky na wenzake, akiwemo Mayer, walichapisha mwaka 2019 jaribio ambamo wanafunzi wa maabara pepe waliovaa miwani walijihisi wako ndani yake zaidi, lakini walijifunza kidogo kuliko waliotumia skrini ya kawaida.

Kabla ya kuwafungulia wote, wape wanafunzi watatu kipande kimoja, kila mmoja peke yake, kwa simu yake. Usieleze chochote. Tazama wanaporudisha nyuma, wanaposogeza uso karibu na skrini, wanapotabasamu kwa kukata tamaa. Kisha wape lile swali la mkulima wa Seme. Ukishafungulia darasa zima, soma kumbukumbu za Moodle pamoja na majibu, kamwe si moja bila nyingine. Wasiofungua kabisa, angalia uzito wa faili na siku uliyotangaza. Waliofungua wakaacha katika nusu dakika ya kwanza, sikiliza sauti yako upya kwa spika ya simu. Waliotazama hadi mwisho na bado wakakosa, kasoro iko kwenye mchoro au kwenye maneno yako, na mahali pake utapajua kwa jibu lisilo sahihi walilochagua wengi: wakisema mbegu ya kiduha "inafukuzwa", ujue wamehamisha harufu ya juu ya ardhi wakaizika udongoni, na picha ya pili ya kipande cha tatu ndiyo ya kuchorwa upya.